Mnada wa Pipi Nyuma ya Duka Langu

Mimi ni muuza duka, na Desemba ndiyo mwezi wangu. Niseme mapema ili mtu asije akanishangaa baadaye: pipi zinazozungushwa mashavuni mwa watoto wa mtaa wetu siku ya Krismasi, nyingi zimetoka kwangu. Tofi, pipi za kijiti, pipi za maziwa, jojo za kila rangi, nazining'iniza mlangoni tangu mwezi unaanza, na watoto wakipita na ndoo za maji wanageuza shingo mpaka wanajilowesha. Halafu mama yangu mzazi, anayeishi uani nyuma ya duka hilohilo, ndiye aliyejipa kazi ya kulinda meno yao. Mimi nauza mbele, yeye analinda nyuma. Tumegombana kwa hilo mpaka majirani wamezoea, lakini mtu akiniuliza nani ana akili katika mtaa huu wa Bonga, namwonyesha mama yangu.

Mama alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa binti aliyekuja kuolewa, na mpaka leo Kiswahili chake kina kokoto za kwao. Anauza mitumba minadani. Leo yuko mnada huu, keshokutwa mnada ule, anatandika turubai, anapanda juu ya belo la nguo na kuanza kunadi. Sauti yake jamani! Wachunga ng'ombe upande wa pili wa uwanja wanageuka. Na ana heshima moja ambayo wauzaji wenzake wote wanaijua: akishatamka "imekwenda", imekwenda. Hata akigundua kwamba koti alilouza kwa bei ya chee lilikuwa jipya kabisa, anauma mdomo, analikunja, anampa mteja na kumshukuru. Nimewaona wanaume wenye sauti nzito wakilia kwamba wamekosea bei, wakinyang'anyana nguo na wateja. Mama yangu, thubutu! Hajawahi.

Sasa sikukuu za kwetu ziko hivi. Watoto wakitoka kanisani asubuhi, iwe kwa Wakatoliki au kwa Walutheri, hawarudi kukaa. Wanaanza nyumba ya kwanza ya mtaa na kumalizia ya mwisho, na nguo zao mpya, na viatu vinavyowabana. "Shikamoo! Tumekuja kula sikukuu!" Huwezi kumfukuza mtoto siku hiyo, ni aibu kubwa. Mwenye pilau anapakua pilau, mwenye soda anagawa soda, na ambaye sufuria limeshakwanguliwa anatoa pipi. Jioni kila mtoto anarudi kwao na mfuko wa plastiki umetuna, amechoka, midomo ya bluu.

Zamani mfuko ule ndio ulikuwa msiba wetu. Mtoto anaamka na pipi, anaenda chooni na pipi, analala nayo shavuni. Wazazi waliojiona makini waliuficha mfuko juu ya kabati na kutoa moja moja, asubuhi moja, mchana moja, jioni moja, mpaka shule zinafunguliwa. Tulijipongeza kabisa. Ndipo akaja shuleni kwa watoto daktari wa meno wa hospitali, dada mmoja mpole mwenye miwani, akatueleza kwenye kikao cha wazazi kwamba tunafanya kinyume. Kinachoharibu jino, alisema, ni mdomo kushinda na sukari kutwa nzima, siku baada ya siku. Afadhali mtoto ale pipi zake mara moja, baada ya chakula, anywe maji, amalize, na usiku apige mswaki kwa dawa kiasi cha punje ya choroko, ateme. Na mbaya kuliko zote ni zile za kunata, kwa sababu zinabaki zimejichimbia kwenye magego.

Tulitikisa vichwa, ndiyo daktari, asante daktari. Njiani kurudi tukaulizana. Nani atamwambia mtoto kwamba pipi zake zote ziishe leo? Hazitaisha, ni nyingi. Nani atamnyang'anya zilizobaki? Mwenzangu mmoja akasema atazitupa chooni, na mimi nikamwambia ajaribu aone kilio kitakachofika Dodoma.

Mama, ambaye naye alikuwa kikaoni, alikuwa anatembea mbele yetu. Akageuka akasema, "Msiwanyang'anye. Mnunue."

"Tununue kwa kitu gani, Mama?"

"Mna nini ndani ambacho mtoto anakitaka?"

Basi huo ndio mwanzo wa mnada wa pipi. Siku ya Krismasi watoto wanakula. Namaanisha wanakula kweli, mama hana unafiki wa kumbania mtoto siku ya furaha. Baada ya pilau wanakaa kwenye mkeka, wanachagua wanazozipenda, wanatafuna na kucheka, kisha kila mmoja anapewa kikombe cha maji. Kesho yake mchana kila mwenye mabaki anakuja nayo uani kwetu, na mama anasimama juu ya belo lake, mkononi ana mfuniko wa sufuria na mwiko, na anauza. Anauza mpira, kamba ya kuruka, mdoli wa mitumba, mabuti ya mvua. Anauza pia vitu visivyoshikika: kutoosha vyombo mpaka shule zifunguliwe, kupanda bodaboda kwenda Mutuka na kurudi, kulala kwa Bibi na kusimuliwa hadithi mpaka usingizi ukukute. Malipo ni pipi tu.

Na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Pipi zile za kunata, tofi na ndugu zake, mama alizipa thamani kubwa kuliko zote. Tofi moja inasimama badala ya pipi kadhaa za kawaida. Kwa hiyo watoto wenyewe, bila kuambiwa na mtu, siku ya Krismasi wanakula zile nyepesi na kuzitunza tofi wasiziguse, wanazihesabia mabuti na bodaboda. Nilipoelewa nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika mbavu. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna aliyenyang'anywa, na zile mbaya zaidi ndizo zilizokuwa zinatoka mtaani kwanza! Nikamuuliza anazipeleka wapi zote hizo. Akasema anawapa wateja wake mnadani, mtu mzima akinunua suruali anaongezewa tofi moja. "Wao meno yao wameshayafanyia maamuzi," akasema.

Nilimwomba angalau zile ambazo hazijafunguliwa zirudi dukani. Alinitazama hivi, kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, na sikurudia tena kuuliza.

Lakini Krismasi hii iliyopita tuliifikia mimi nikiwa sina raha. Mama alikuwa na jino. Gego la chini, upande wa kushoto, lilianza kumuuma tangu mvua za kwanza. Alianza kwa kutafuna upande mmoja. Kisha akaacha nyama. Kisha kila asubuhi nikawa namkuta na karafuu shavuni na kanga imefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini, anapanga nguo zake kana kwamba hakuna kitu. Shavu likavimba, likashuka, likavimba tena kubwa zaidi. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia kwa machozi. "Mama, twende hospitali." "Nitakwenda tukimaliza kupalilia." "Unapalilia nini wewe, una shamba?" "Nitakwenda baada ya mnada wa Alhamisi." Alhamisi ikipita inakuja nyingine.

Dada wa duka la dawa alinivuta pembeni siku niliyokwenda kununua vidonge vya maumivu kwa mara ya sijui ngapi. Akaniambia usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kumziba mtu pumzi, na kwamba mtu mzima kama mama hapaswi kusubiri. Siku hizo usiku nilikuwa naamka kusikiliza kama anapumua. Huyu ndiye mzazi niliyebaki naye, baba alishatangulia, na mimi sina kaka wala dada. Nilimchukia kwa ukaidi wake, haki ya nani, na nilimpenda mpaka kifua kikauma.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Alikuwa anasikia kila kitu, maana nyumba yetu kuta zake ni nyembamba na mimi sijui kugombana kwa sauti ya chini. Siku ya Krismasi alizunguka na wenzake kama kawaida, akarudi na mfuko uliojaa. Wenzake wakakaa kwenye mkeka wakala. Yeye hakula hata moja. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema hapana, anataka kuzitunza zote. Nikajua ni lile begi la shule la kuburuta, lenye magurudumu, ambalo bibi yake alikuwa amelitoa kwenye belo na kulitundika dirishani wiki nzima ili kuwatamanisha. Binti yangu alikuwa akilipapasa kila akipita.

Kesho yake ua wetu ulijaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tope limeganda kwenye viatu vipya, kila mtoto na mfuko wake. Mama akapanda juu ya belo. Kanga ilikuwa imembana shavu na macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilitoka ileile. "Karibuni mnadani! Kila kilichomo ndani ya ua huu leo kinauzwa, isipokuwa kuku wangu! Mwenye tofi asimame mbele, mwenye maneno matupu arudi kwao!"

Watoto wakapiga kelele. Mabuti yakaenda. Mpira ukaenda, baada ya mapacha wa jirani kuunganisha mifuko yao. Bodaboda ya Mutuka ikagombaniwa mpaka mmoja akataka kulia, na mama akaigawa mara mbili, mmoja kwenda na mwingine kurudi, na dereva kijana aliyekuwa ameegemea ukuta akasema poa tu, yeye yupo. Likaja begi la magurudumu. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuko mapajani. "Mara ya kwanza," mama akanadi huku anamtazama yeye. "Mara ya pili." Mtoto akainamisha kichwa. Begi likachukuliwa na msichana wa nyumba ya pili.

Nilikasirika. Nilimwona mchoyo, nikajisemea mtoto huyu ameamua kuzila peke yake mpaka Januari, tena mtoto wa muuza duka, watu watanicheka. Nilitaka kumnyanyua kwa sikio.

Vitu vikaisha. Mama akafuta jasho, akaweka mkono kwenye shavu kidogo, akadhani hakuna aliyemwona. "Nani bado ana mali mkononi? Mnada unafungwa!"

Binti yangu akasimama juu ya ndoo. "Mimi, Bibi. Nataka kununua jino lako, kwa mfuko huu wote."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mama naye akacheka, kisha akashika shavu maana kicheko kilimuuma. "Jino langu haliuzwi, mjukuu wangu."

"Umesema kila kilichomo ndani ya ua kinauzwa, isipokuwa kuku."

Weee! Watoto wakaacha kucheka, wakaanza kumtazama Bibi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amelisikia hilo tangazo. Mama akageukia upande mwingine wa ua. "Haya, nani anaongeza? Nani anataka jino la Bibi kwa zaidi ya hapo?" Nilimwona anavyowatazama mmoja mmoja, anawasihi kwa macho, apatikane yeyote wa kupandisha bei ili mtoto ashindwe. Kadogo kamoja ka miaka kama mitatu kakanyoosha mkono, kwa kupenda michezo tu. Dada yake akaushusha upesi na kumziba mdomo.

Hakuna mwingine aliyeongeza. Hata mapacha, ambao bado walikuwa na tofi zao mbili tatu, walienda wakazitumbukiza kwenye mfuko wa binti yangu na kurudi kukaa.

Nilimjua mama yangu. Ningemshika mimi mkono angenisukuma. Ningemletea mchungaji angemkaribisha chai na kubadilisha mazungumzo. Lakini alikuwa kwenye mnada, mwiko mkononi, na mnunuzi amesimama mbele yake na bei yake. "Mara ya kwanza," akasema, na sauti haikufika hata kwenye mlango wa duka. "Mara ya pili." Akapiga mfuniko. "Imekwenda."

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia peke yangu. Nililia kwa furaha na kwa aibu, kwamba mtoto wangu wa darasa la tatu ameweza nilichoshindwa mimi, na ameacha begi lake la magurudumu liende kwa hilo.

Kitengo cha meno cha hospitali kilipofunguliwa baada ya sikukuu tulikwenda watatu. Mama alivaa gauni la kanisani. Benchi la wagonjwa wa meno liko kwenye korido, na mlango wa daktari unafunguka na kufungwa, na kila ukifunguka mama alikuwa anasogea kidogo upande wa kutokea. Binti yangu alikaa katikati yetu. Baada ya muda mama akaanza kuzungumza naye kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi sipo.

"Nilikuwa kama wewe," akasema. "Huko kwetu juu. Jino liliniuma, wakanipeleka gulioni kwa mtu aliyekuwa anang'oa kwa koleo. Baba akanishika kichwa. Kaka zangu wakanishika miguu. Likakatika, akaingiza tena koleo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Watu walikuwa wanacheka, wanasema mtoto gani mwoga hivi." Akarekebisha kanga. "Ndiyo maana sipendi kuona mtoto wa mtu anaharibika meno. Wewe usije ukashikwa."

Mimi binti yake, niliyelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote, hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nilitazama sakafu, sikuwa na mahali pa kuyaweka macho yangu.

Mlango ukafunguka. Yule daktari mpole mwenye miwani akatokeza, akatuita. "Shikamoo Bibi, karibu ndani."

"Marahaba," mama akajibu. Hakusimama.

Tukasubiri. Watu wa benchi wakaanza kututazama. Daktari akarudia, kwa upole vilevile, akaeleza kwamba kuna sindano ya ganzi, hatasikia maumivu. Mama akatikisa kichwa kukubali, na bado hakusimama. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa benchi mpaka vidole vimebadilika rangi. Na mimi, kwa hasira zangu hizi za kuzaliwa nazo, kwa woga wa lile shavu, nikanyanyuka nikamkamata mkono nimvute.

"Mama, mwache!" binti yangu akasema. "Usimshike!"

Nikaachia kama nimegusa moto. Mtoto akateremka kwenye benchi, akasimama mbele ya bibi yake, wakawa macho kwa macho.

"Bibi, jino ni langu, nimelinunua. Naweza kusubiri. Unataka twende sasa, au turudi kesho?"

Mama yangu akamtazama. Mwanamke yule anayewanyamazisha wanaume minadani akauachia ukingo wa benchi. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza," akasema.

Kisha akasimama. Akaifungua kanga shavuni, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia, na mlango akaufunga yeye mwenyewe.